Serikali "inaunga mkono haki za watoto kimataifa". Sawa, lakini maana yake ni nini hasa?

1/ Uzi wa leo unahusu sentensi mnayoisikia karibu kila mdahalo. Mmoja anasema, "Nchi yetu iko mstari wa mbele kutetea haki za watoto duniani." Anapigiwa makofi. Mwenzake anajibu, "Hizo ni haki za wazungu, zinatuharibia watoto." Naye anapigiwa makofi. Mada inafungwa hapo. Mimi nasomea sayansi ya siasa na naona wote wawili wanatuacha pale pale. Hebu twende polepole.

2/ Kwanza niwaambie kwa nini nimeamka na hii. Muhula uliopita nilimsindikiza shangazi yangu kutafuta cheti cha kuzaliwa cha binti yake. Mtoto alizaliwa nyumbani kwa nyanya, kadi ya kliniki ikapotea, na sasa shule inataka cheti ili imsajili kwa tathmini ya Gredi ya 6. Safari ya kwanza tukaambiwa tulete barua ya chifu. Ya pili, mtandao umepotea. Ya tatu, dirisha likafungwa tukiwa tumebaki watu wanne tu mbele yetu. Tukitoka shangazi akaniuliza, "Na wewe unayesoma siasa, hizo haki wanazosema kwa TV zinafika huku lini?" Sikuwa na jibu. Huu uzi ndio kujaribu kumjibu.

3/ Msingi. Mkataba wa Haki za Mtoto ulipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, ukaanza kutumika 2 Septemba 1990. Kenya iliuridhia 30 Julai 1990, yaani kabla hata haujaanza kutumika. Kwa hivyo hatukuburutwa. Leo una nchi wanachama 196. Marekani, ambayo watu hupenda kuitaja, ilitia saini 1995 na mpaka leo haijaridhia.

4/ Ngoja, kutia saini na kuridhia si kitu kimoja? La. Kutia saini ni kama kupeleka posa: umeonyesha nia, na hufai kufanya mambo ya kuiharibu. Kuridhia ndiyo ndoa: sasa una wajibu, na unaweza kuulizwa. Kwa hivyo mwanasiasa akikwambia "tulitia saini", muulize kama harusi ilifanyika.

5/ Na baada ya harusi kuna kuishi pamoja. Katiba ya 2010, Kifungu cha 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Tangu 2012 tuna pia sheria inayoamuru mikataba ipitie Bunge kabla ya kuridhiwa. Kwa hivyo mbunge wako hawezi kukwambia "hayo ni mambo ya mabalozi". Ni mambo yake pia.

6/ Sasa hii ya "haki za wazungu". Ukweli ni kwamba mkataba wa 1989 ulipokuwa ukiandikwa, nchi za Afrika zilizokaa mezani zilikuwa chache. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Lakini Waafrika walifanya nini? Waliandika mkataba wao! Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ulipitishwa Addis Ababa Julai 1990, ukaanza kutumika Novemba 1999, na Kenya ikauridhia mwaka wa 2000.

7/ Na wa Afrika ni mkali zaidi. Ule wa 1989 ulizuia walio chini ya miaka 15 kupelekwa vitani. Wa Afrika unasema chini ya 18, hakuna. Ule wa 1989 hautaji ndoa za watoto kwa jina. Wa Afrika unazitaja na kuzipiga marufuku. Na kwa wale wanaosema watoto wanapewa haki bila wajibu: Kifungu cha 31 cha mkataba wa Afrika kinaorodhesha wajibu wa mtoto, ikiwemo kuheshimu wazazi na wazee. Mtu akilalamika bila kuusoma, si kosa la mkataba.

8/ Je, diplomasia yenyewe inafanyaje kazi? Nchi inaandika ripoti kila baada ya miaka mitano, wataalamu wanaisoma, wanauliza maswali magumu, wanatoa mapendekezo. Nchi inapiga kura kwenye mabaraza. Kenya, kwa mfano, ilichaguliwa kukaa katika Baraza la Haki za Kibinadamu kwa kipindi cha 2025 hadi 2027. Hakuna polisi hapo. Silaha kubwa ni aibu: kuulizwa mbele ya wenzako.

9/ Aibu inafanya kazi? Inafanya, lakini polepole. Mfano: kwa miaka mingi, sheria yetu ya adhabu iliruhusu mtoto wa miaka 8 kushtakiwa kwa uhalifu. Miaka 8! Huyo bado anabadilisha meno. Kamati ya Umoja wa Mataifa ikalilalamikia jambo hilo. Sheria ya Watoto ya 2022 ikapandisha umri huo hadi 12. Kamati sasa inahimiza nchi zote zifike angalau 14. Kwa hivyo tulisogea, ila piga hesabu: kutoka kuridhia 1990 hadi 2022 ni miaka 32. Mtoto wa 1990 tayari alikuwa na watoto wake.

10/ Sasa kesi ambayo ingefaa kutajwa kila mdahalo na haitajwi. Mnajua Kenya iliwahi kushtakiwa na kushindwa chini ya huo mkataba wa Afrika? Kesi ilihusu watoto wa Wanubi. Wazee wao walikuwa askari kutoka Sudan walioletwa na Waingereza, wakapewa makao Kibera, na jamii iko hapo kwa zaidi ya miaka 100.

11/ Shida ilikuwa hii: mtoto wa Mnubi alizaliwa Kenya, lakini hakuwa na uhakika wa uraia mpaka afike 18, aende kuomba kitambulisho, apigwe msasa na kamati, aulizwe babu yake alitoka wapi. Mwenzake wa jamii nyingine alipitia njia fupi. Machi 2011, kamati ya wataalamu ya Afrika ikaamua: mtoto hawezi kuwekwa rehani miaka 18. Ikasema Kenya imevunja mkataba kwa ubaguzi, kwa kutowahakikishia watoto utaifa tangu kuzaliwa, na hata upande wa afya na elimu. Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza kabisa wa kamati hiyo katika kesi. Na ulituhusu sisi.

12/ Ona sasa: ile kesi kubwa na ile foleni ya shangazi ni kitu kimoja. Karatasi. Mikataba yote miwili inasema mtoto asajiliwe mara tu anapozaliwa. Katiba yetu, Kifungu cha 53(1)(a), inampa kila mtoto jina na utaifa tangu kuzaliwa. Bila hiyo karatasi, haki nyingine zote zinaomba ruhusa mlangoni: shule, matibabu, baadaye kitambulisho, kazi, kura.

13/ Nisiwe mnafiki, upande wa pili una hoja moja nzito: pesa. Nchi maskini haiwezi kutimiza yote mara moja. Kweli, na mkataba wenyewe unakubali. Kifungu cha 4 kinasema haki za kiuchumi na kijamii zitekelezwe kwa kiwango cha juu kabisa cha rasilimali zilizopo. Lakini kusajili mtoto si kujenga reli. Na kumpiga msasa mmoja na kumwacha mwingine hakuhusiani na bajeti, huo ni uamuzi.

14/ Ndiyo maana nasema kuunga mkono haki za watoto ng'ambo ndiyo siasa rahisi kuliko zote. Nani atasimama kule na kusema anapinga watoto? Haigharimu kitu. Gharama inaanza nyumbani: karani anayelipwa vizuri, dirisha lisilofungwa saa sita, sheria inayobana hata marafiki.

15/ Kwa hivyo mdahalo ujao, mtu akijisifu, mwulize haya:
– Mkataba upi, na tumeuridhia au tumetia saini tu?
– Sheria gani ya hapa nyumbani inautekeleza, na imetengewa pesa ngapi?
– Mara ya mwisho tulipoulizwa na kamati, walitaka tubadilishe nini, na tumebadilisha?
– Mwananchi akinyimwa, aende ofisi gani?
Akikosa jibu la swali la mwisho, basi hiyo ilikuwa hotuba tu.

16/ Na shangazi? Tulirudi mara ya nne, tukachukuliwa maelezo, na baada ya wiki 6 cheti kikatoka. Shule ilikuwa imekubali kungoja, shukrani kwa mwalimu mmoja mwenye utu. Ila jina la mtoto limekosewa herufi moja. Jumatatu tunarudi kwenye foleni. Safari hii nimemwandikia shangazi Kifungu cha 53 nyuma ya ile barua ya chifu, akiulizwa aseme yeye mwenyewe.