Kila mwezi wa tisa tununue vyote vipya? Hesabu ya vifaa vya shule kwa sisi wahitimu



Katikati ya mwezi wa nane simu za wengi wetu huanza kulia. Ni mama, ni shangazi, ni yaya: "Batoto banarudi ku masomo, begi zimepasuka, viatu hakuna, tutafanya namna gani?" Hapa Ariwara, wewe uliyepata diplome ao lisansi ndiye unayeonekana una kitu, hata kama bado unazunguka na bahasha ya kuomba kazi. Mimi nasaidia watoto watano wa nyumba yetu, wawili wa mdogo wangu na watatu wa dada, wa kwanza yuko mwaka wa saba na wa mwisho ndiyo anaanza. Kwa hiyo swali hili nalijibu kila mwaka, na pesa yangu mwenyewe iko ndani: je, kila mwaka wa masomo tubadilishe vifaa vyote vya mtoto?

Jibu langu fupi: hapana, siyo vyote. Lakini kuna vile ambavyo ukikataa kuvibadilisha, unamwumiza mtoto. Kazi yetu ni kujua tofauti, na hiyo ndiyo nataka kueleza.

Shule ya bure haikununui sare

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji wake nchi nzima ulianza mwaka wa masomo 2019-2020. Majirani walitangulia: Uganda 1997, Kenya 2003. Tanzania iliondoa ada ya shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, halafu mwaka 2016 ikafika mpaka kidato cha nne.

Kote huko jambo moja lilibaki palepale. Ada iliondoka, lakini sare, viatu, begi na kaye vilibaki juu ya mzazi. Kwa mtoto wa shule ya msingi ya serikali, vifaa ndivyo vimekuwa mlango wenyewe wa shule. Na kwa yule wa sekondari, kila franka inayoenda kwenye begi ya picha za mpira ni franka inayokosekana siku ya kulipa minerval. Wote tunajua inavyokuwa: mtoto anaingia mwezi wa tisa aking'aa kama bwana harusi, mwezi wa kumi na moja anarudishwa nyumbani juu ya minerval. Begi mpya haikumsaidia kitu. Angalikaa darasani na begi ya zamani, angesoma.

Utafiti wa Kenya unatufundisha nini

Watu wengine watasema: "Basi sare siyo muhimu." Hapana, ni muhimu sana, na kuna ushahidi. Magharibi mwa Kenya, watafiti David Evans, Michael Kremer na Mũthoni Ngatia walifuatilia mpango mmoja uliogawa sare bure kwa bahati nasibu: watoto wengine walipata, wengine hawakupata. Walioshinda sare walipunguza kukosa shule kwa zaidi ya theluthi moja. Na wale ambao mwanzoni hawakuwa na sare hata moja, kukosa kwao kulipungua zaidi ya nusu. Huyo Kremer ndiye aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee.

Angalieni vizuri matokeo hayo. Faida kubwa ilienda kwa mtoto ambaye hakuwa na kitu. Kutoka sare sifuri kwenda sare moja ni hatua kubwa. Kutoka sare nzima ya mwaka jana kwenda sare mpya ya mwaka huu ni hatua ndogo. Na walipowatafuta watoto hao baada ya miaka minane, hawakukuta kwamba walioshinda sare walisoma miaka mingi zaidi kuliko wenzao. Sare inamfungulia mtoto mlango wa darasa. Kumbakiza ndani ni kazi ya vitu vingine: minerval, chakula, mwalimu, usalama.

Maswali matatu mbele ya kila kifaa

Kabla ya kwenda soko, toa vifaa vyote vya mwaka jana, vimwage kwenye mkeka, mwite mtoto mwenyewe. Kila kitu kiulize maswali matatu:

1. Bado kinamtosha?
2. Bado kinafanya kazi yake, ao fundi anaweza kukirudishia kazi?
3. Shule bado inakikubali?

Kikipata ndiyo tatu, kinarudi kazini. Kikipata hapana kwenye swali la kwanza, kinapewa mdogo wake. Kikikataa la pili, ndiyo tunanunua. Ukifanya hivyo mwishoni mwa mwezi wa saba badala ya siku mbili kabla ya kurudi shule, unakuwa na nafasi ya kutengeneza na kutafuta bei nzuri. Anayeuza siku ya mwisho anajua una haraka.

Kifaa kwa kifaa

*Viatu.* Hapa usibane mkono. Mguu wa mtoto unakua bila kuomba ruhusa, na kiatu kinachobana kinampa vidonda na kinakunja vidole. Msimamishe wima, bonyeza mbele ya kidole kirefu: kama hakuna nafasi ya karibu sentimita moja, kiatu kimekwisha hata kama kinang'aa. Lakini usinunue kikubwa kama mtumbwi eti atakivaa miaka mitatu. Mtoto ataburuza miguu na soli itaisha upande mmoja. Kwetu mwezi wa tisa ni mvua na matope, kwa hiyo angalia kama soli imeshonwa, siyo gundi peke yake. Kikilowa, kijaze karatasi na kukikausha kivulini. Karibu na moto ngozi inapasuka.

*Sare.* Bleu-blanc yetu ina uzuri mmoja ambao hatuusemi: shati jeupe na suruali ao sketi ya bluu vinaweza kutoka shule moja kwenda nyingine, kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo. Kati ya miaka mitano na kumi, mtoto anaongezeka karibu sentimita 5 ao 6 kwa mwaka. Basi mwambie fundi aache pindo pana chini na kiunoni, sentimita 6 hivi. Mwaka unaofuata analishusha, na umelipa kazi ya cherehani peke yake. Mstari wa pindo la zamani unaonekana kidogo, pasi na maji ya siki vinapunguza. Shati ndiyo huchoka kwanza, shingoni na mikononi. Suruali huanza magotini na nyuma. Kiraka cha ndani kikiwekwa mapema hakionekani. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tahadhari moja: msichana akifika miaka 10 mpaka 12, na mvulana 12 mpaka 14, mwili unaruka ghafla, hata sentimita 8 ao zaidi kwa mwaka mmoja. Sketi iliyobana kwa msichana anayekua siyo jambo la urembo. Inamfanya asisimame kujibu mwalimu, asikimbie, asiende ubaoni. Huyo mbadilishie bila maneno mengi. Na katika bajeti yake weka nguo za ndani na pedi kabla ya begi. Wengi wetu wanaume tunasahau mstari huo kwenye orodha, na binti hawezi kutukumbusha.

*Begi.* Hii ndiyo inayokula pesa bure. Mara nyingi begi yenyewe ni nzima, kilichokufa ni zipu ao mkanda. Fundi wa viatu pale sokoni anashona mkanda kwa uzi wa nailoni, na zipu mara nyingi inataka kichwa kipya tu. Tazama pia uzito: begi pamoja na vitu vyake isizidi sana sehemu moja ya kumi ya uzito wa mtoto. Mwenye kilo 30 abebe kama kilo 3. Begi kubwa ya kifahari inamwalika mtoto kujaza. Juu ya mvua, mfuko wa plastiki mzito ndani ya begi unalinda kaye kuliko maneno ya muuzaji kwamba "hii haiingii maji".

*Kaye na biki.* Kaye za masomo ni mpya kila mwaka, hatuna ujanja. Lakini kurasa nyeupe zilizobaki zichomoe, zishone na uzi, tayari una brouillon ya mwaka mzima. Kaye zilizojaa za sekondari usiziuze kwa mama wa karanga! Anayejiandaa kwa Exetat anarudi mara nyingi kwenye masomo ya miaka ya nyuma. Rula, kompasi na sanduku lake vinadumu miaka kama vina jina juu yake.

Hesabu ya mwaka, siyo hesabu ya siku

Tuliosoma tusibabaishwe na bei ya siku moja. Tuseme begi moja ni shilingi 30 000 za Uganda, maana ndizo tunazotumia sana hapa, na inakatika mwaka mmoja. Nyingine ni 60 000, inadumu miaka mitatu. Ya kwanza inakugharimu 30 000 kwa mwaka, ya pili 20 000. Kwa miaka mitatu umelipa 90 000 kwa ile "ya bei nzuri", na 60 000 kwa ile "ya bei kali". Kwa watoto watano, tofauti ni 150 000.

Utaniambia: "Sawa, lakini siku ile sina 60 000." Ni kweli, na ndiyo maana maskini analipa zaidi kuliko tajiri kwa kitu kilekile. Dawa tunayo tayari nyumbani: likelemba. Kundi likipanga zamu, omba yako iangukie mwezi wa nane. Walio ndani ya AVEC wanaweza kukubaliana mgawanyo wa mwisho wa mzunguko ufanyike kabla ya shule. Shilingi 1 500 kwa juma, kwa majuma 40, ni 60 000.

Na tutumie mahali tulipo. Bidhaa nyingi za soko letu hupitia Arua. Uganda wanaanza mwaka wa masomo kati ya Januari na Februari, sisi mwezi wa tisa. Misimu hiyo miwili ndiyo watu wanagombania begi. Katikati yake, mwezi wa tano kwa mfano, muuzaji ana subira na wewe una nguvu ya kupatana bei.

Mtoto naye ana moyo

Sasa upande mwingine, na sitaki kuudharau. Kuna mtoto wa tatu ao wa nne ambaye tangu kuzaliwa hajavaa kitu kipya. Kila shati lake lina jina la kaka yake kwenye kola. Wenzake wanamcheka, naye anaanza kujificha nyuma ya darasa. Ukimwambia habari ya gharama kwa mwaka, hatakuelewa, na ana haki.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tuna kanuni: kila mtoto anapata kitu kimoja kipya kila mwaka, na anachagua mwenyewe. Mmoja anachagua chupa ya maji, mwingine soksi, mwingine begi kwa sababu zamu yake imefika. Vingine vyote vinafuliwa, vinashonwa, vinapigwa pasi. Nguo safi, yenye vifungo vyote, haimfedheheshi mtu. Kinachomfedhehesha mtoto ni uchafu na tundu, siyo umri wa shati.

Sisi tunaweza kufanya nini pamoja

Uingereza walitunga sheria mwaka 2021 kuhusu gharama za sare. Mwongozo wake unaziambia shule za huko zipunguze nguo zenye nembo na zihakikishe wazazi wanaweza kupata sare zilizokwisha kuvaliwa. Kama nchi tajiri haioni haya kuvaa sare ya mara ya pili, sisi haya ya nini?

Katika kila kata tuna wahitimu. Mwisho wa mwezi wa sita, kusanyeni sare na viatu ambavyo watoto wamevipita, vipangeni kwa kimo, kila mzazi alete kimoja achukue kingine. Vitakavyobaki vina wenyewe: Ituri yetu ina watoto waliokimbia vita ya Djugu na Irumu na nguo za mwilini tu, na hapa kwenye territoire ya Aru wapo wakimbizi wa Sudan Kusini, kule Biringi. Kumbukeni utafiti ule: sare moja inafanya kazi kubwa zaidi kwa mtoto ambaye hana hata moja. Shati linalolala kwenye sanduku lako kwa sababu umenunua jipya linaweza kuwa ndilo linalomkosesha mwingine darasa.

Basi simu ya mwezi wa nane ikilia, usijibu "sina" wala usikimbilie deni. Uliza kwanza: "Mmetoa vya mwaka jana mkaviangalia?" Halafu lipa viatu vya anayebanwa, sketi ya anayekua, kaye za wote. Kinachobaki kiweke kando kwa ajili ya minerval ya mwezi wa kumi na moja.