Tuzichungue Barua Ziingiazo Ofisini

Ndugu wanachama, gunia la karafuu halipokewi kwa kutazamwa mdomoni. Mpokeaji makini hutia mkono hadi chini, asije akakuta makonyo yamefunikwa kwa karafuu safi. Basi barua pepe ziingiazo ofisini kwetu nazo yataka zipokewe vivyo hivyo.

Msidhani kuwa wadanganywao ni sisi watu wa shamba peke yetu. Kati ya mwaka 2013 na 2015, mtu mmoja wa Lithuania alijifanya kuwa ndiye Quanta Computer, kampuni ya Taiwan iundayo kompyuta. Alifungua kampuni yenye jina lilo hilo huko Latvia, akawapelekea wafanyakazi wa Google na Facebook barua pepe na ankara za uongo. Zikalipwa zaidi ya dola milioni 100. Mwaka 2019 alihukumiwa New York kifungo cha miaka 5. Ikiwa mabingwa wa kompyuta walinaswa, sisi tujihadhari zaidi.

Twamwomba kila karani atazame mambo haya:

Kwanza, anwani. Isomwe herufi kwa herufi, khasa baada ya alama ya @. Herufi r na n zikikaribiana hufanana na m, na sifuri hufanana na o.

Pili, haraka. Barua isemayo “lipa kabla ya adhuhuri, usimwambie mtu” ni ya kutiliwa shaka. Mwenye haki haoni taabu kuulizwa.

Tatu, neno la siri. Halitolewi kwa barua, hata kama aombaye ajiita benki.

Nne, kiungo. Maandishi yake huweza kutaja mahali pamoja, nacho kikakupeleka kwengine. Usikibonyeze, wala usifungue waraka usioutarajia.

Tano, akaunti mpya. Muuza magunia akiandika kuwa amebadili benki, tusilipe mpaka tumpigie simu kwa namba iliyomo daftarini mwetu, wala si ile iliyomo katika barua hiyo.

Na aliyekwisha kubonyeza asione haya. Aseme saa ile ile, ili neno la siri libadilishwe na benki ijulishwe. Fedha zikiwahiwa huenda zikazuiliwa. Nasi viongozi tusimkaripie asemaye, maana tukimkaripia, wa pili ataficha.

Fedha za chama ni jasho la wachumaji na waanikaji. Tuzilinde kama tulindavyo karafuu juu ya majamvi, wingu linapotanda.