Tuwalinde Sungura Wetu

Kufuga sungura ni kazi imfaayo mwanafunzi. Sungura hawahitaji shamba kubwa, hula majani, nao huzaa upesi. Lakini uko ugonjwa mmoja ambao yafaa kila mfugaji aujue, maana ukiingia bandani waweza kumaliza karibu sungura wote kwa siku chache.

Ni ugonjwa wa kutokwa damu, nao huletwa na virusi. Ulijulikana kwanza nchini China mwaka 1984. Mwaka 2010 aina yake ya pili ilionekana Ufaransa. Hiyo ni mbaya zaidi, kwa kuwa haiwasazi hata watoto wachanga. Aina hiyo imekwisha fika Afrika: mwaka 2020 iliua sungura wa kufugwa nchini Nigeria, na mwaka 2022 ikaonekana Afrika Kusini katika sungura wa porini. Basi tusiseme kwamba ni mambo ya mbali.

Virusi hivyo huharibu ini, na damu huvuja ndani ya mwili. Baada ya siku 1 mpaka 5 tangu kuambukizwa, sungura hupata homa, huacha kula, huhema kwa shida, na pengine damu humtoka puani. Wengi hufa ghafula bila kuonyesha dalili yo yote. Dawa ya kuwaponya haipo. Iliyopo ni kinga tu.

Je, ugonjwa hupitaje? Virusi humo katika mate, mkojo, mavi na manyoya ya mgonjwa, na huweza kukaa juu ya kitambaa zaidi ya siku 100. Nzi huvichukua, lakini hata sisi tu wachukuzi: kwa viatu, nguo, mikono, majani, na vizimba vya kuazima. Binadamu haambukizwi, na kwa sababu hiyo aweza kuwapelekea sungura wake mauti asijue.

Basi fanya hivi:

1. Sungura mgeni akae mbali na wenzake siku 30, nawe umhudumie wa mwisho.
2. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuwashika, na uwe na viatu vya bandani tu.
3. Usikate majani mahali wapitapo sungura wa porini.
4. Ziba banda kwa wavu wa kuzuia nzi, ndege na mbwa.
5. Osha vizimba kwa sabuni, kisha vipake maji yenye dawa ya klorini, kikombe 1 kwa vikombe 10 vya maji, ukae dakika 10 kabla ya kuvisuuza.
6. Chanjo zimekwisha tengenezwa. Mwulize bwana mifugo kama yapatikana kwenu.

Na wakifa wawili watatu kwa pamoja? Hapo ndipo mtu hujaribiwa kuwauza upesi waliobaki, maana huenda ndio daftari na karo ya muhula ujao. Usifanye hivyo. Ukiwauza, umeuza ugonjwa, nao utaingia katika banda la mwenzako. Usiwachinje wala usitupe mizoga kichakani. Mwite bwana mifugo siku ile ile. Akiisha kuitazama, ichome moto au uizike katika shimo refu.

Hasara ya banda moja ni kubwa kwako, lakini ukiificha itakuwa hasara ya kijiji kizima.