Buibui Jeusi Juani, Kanzu Nyeupe Sebuleni

Mwanamke mwenye buibui jeusi anapita barabarani saa sita mchana, jua la pwani likiwaka. Ndani ya nyumba, mwanamume mwenye kanzu nyeupe amekaa sebuleni, pazia limeshushwa nusu. Mtu aliyesimama mlangoni anawaona wote wawili. Ni nguo ipi inayomletea machoni mwanga mwingi zaidi?

Karibu kila anayeulizwa hujibu kwamba ni kanzu. Hesabu inakataa. Jua la utosini humwaga mwanga wa takriban laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na sebule ya kawaida hupata kama 200. Nguo nyeupe hurudisha asilimia 85 hivi ya mwanga unaoipiga; nyeusi hurudisha asilimia 4, pengine pungufu. Zidisha: kanzu inarudisha sehemu 170, buibui sehemu 4,000. Nguo nyeusi inang'aa kuliko nyeupe zaidi ya mara ishirini, na bado jicho linasema bila kusita kwamba hii ni nyeusi na ile ni nyeupe.

Mwenye simu anaweza kuyahakiki haya leo hii. Simama ndani, elekeza kamera mlangoni, kisha gusa kioo mahali palipo na kiti cha sebuleni. Kiti kitaonekana vizuri, lakini nje kote kutaungua kuwe kweupe pe. Gusa barabara: nje kutatulia, na sebule itazama gizani kana kwamba umeme umekatika. Macho yako, muda wote huo, yanaona kote kuwili bila taabu. Mtu huilaumu simu kwa hilo, hasa akiwa ameinunua kwa bei kubwa. Mimi naona hapo ndipo simu inapotufaa zaidi, kwa sababu inatuonyesha tofauti ambayo ubongo wetu umeificha tangu tukiwa watoto.

Kwanza, jicho linafanyaje? Wengi hutaja mboni, ambayo hufunguka gizani na kujifinya juani. Kweli, lakini kazi yake ni ndogo kuliko sifa zake. Mboni hubadilika kutoka upana wa milimita 2 hadi kama 8, kwa hiyo eneo lake huongezeka mara 16 tu. Kati ya mwanga wa mbalamwezi na jua la mchana kuna tofauti ya mara laki kadhaa. Kazi iliyobaki hufanywa nyuma ya jicho, kwenye retina.

Retina ina seli kama milioni 120 za kuonea kwenye mwanga hafifu, na kama milioni 6 za mchana na rangi. Neva inayotoka humo kwenda kwenye ubongo ina nyuzi zipatazo milioni moja tu. Haiwezekani kila seli ipeleke taarifa yake peke yake. Lazima pafanyike muhtasari kabla ya safari, na muhtasari huo ni wa tofauti. Seli za retina hufanya kama wauza nyanya wa sokoni: kila mmoja huchungulia meza ya jirani kabla ya kutaja bei yake. Jirani akiwa na mwanga mwingi, sauti ya seli hupunguzwa. Jirani akiwa gizani, sauti yake husikika zaidi. Pale ambapo wote wanapata mwanga sawa, hakuna habari kubwa ya kupeleka.

Aliyeligundua hili ni Haldan Keffer Hartline, Mmarekani aliyechunguza macho ya Limulus, kiumbe wa baharini mwenye gamba kubwa ambaye kinasaba yuko karibu na nge kuliko kaa. Hartline aliona kwamba akimulika kijicho kimoja, kisha akamulika na cha jirani, ishara ya kile cha kwanza inashuka. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Mwaka 1953 Stephen Kuffler alikuwa ameshaonyesha kwamba hata retina ya paka hulinganisha katikati na pembeni kwa namna inayofanana na hiyo.

Matokeo yake unaweza kuyaona bila maabara. Mwaka 1865 Ernst Mach aliandika kuhusu mistari isiyokuwepo: penye ukingo ambapo kivuli hufifia kuelekea kwenye mwanga, jicho huona ukanda mweusi zaidi upande wa kivuli na mweupe zaidi upande wa pili, ilhali ukipima kwa chombo hukuti ukanda wowote. Programu za simu hufanya hila hiyohiyo zinaponoa picha: hutia giza upande mmoja wa ukingo na mwanga upande wa pili, ili picha ionekane kali. Zikizidisha, mwembe uliopigwa picha dhidi ya mbingu huzungukwa na uzi mweupe. Ukishauona mara moja, utauona kwenye nusu ya picha unazotumiwa.

Rangi nayo ina mambo yake. Mpige picha mtu mwenye kanzu nyeupe aliyesimama kwenye kivuli cha nyumba huku mbingu iko wazi, halafu ikuze picha mpaka kioo kizima kijae kitambaa tu. Mara nyingi utakuta buluu. Hakuna aliyeitia. Pale kivulini jua lenyewe halifiki. Kinachoimulika kanzu ni mbingu, na mbingu ni ya buluu. Usiku, chini ya balbu ya zamani ya waya, kanzu ileile hurudisha rangi ya chungwa, na kwa koroboi huzidi hapo. Ubongo hukisia aina ya taa iliyopo, huiondoa rangi yake, kisha hutuambia "nyeupe". Februari 2015 dunia nzima iligombana juu ya picha moja ya gauni iliyopigwa Uingereza kwa ajili ya harusi: wengine waliapa ni la buluu na jeusi, wengine ni jeupe na la dhahabu. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na jeusi. Picha haikuwa na dalili za kutosha kuonyesha ni mwanga gani ulioimulika, kwa hiyo kila ubongo ulikisia wake. Waliodhani gauni liko kivulini waliiondoa buluu, wakabaki na jeupe.

Kamera haina ukarimu huo. Ndani yake kuna sensa, uwanja wa vipokezi mamilioni, na kila kimoja huhesabu mwanga ulioangukia kwake bila kumwuliza jirani. Wapiga picha hupima tofauti za mwanga kwa stopu: kila stopu moja ni kuuongeza mwanga mara mbili. Kati ya sebule ya laksi 200 na barabara ya laksi 100,000 kuna stopu 9. Ukiongeza tofauti ya nguo, kutoka buibui lililoko ndani hadi kanzu iliyoko nje, unapita stopu 13. Kamera nzuri za wataalamu hufika karibu 14 katika hali bora. Sensa ndogo ya simu, kwa picha moja, haifiki huko. Lazima kitu kitupwe, na anayeamua kitupwe nini ni mpiga picha, au mtu aliyeitengeneza kamera.

Hapo ndipo fizikia inapokutana na historia, na historia yenyewe si safi. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera kwa kawaida huchukulia kwamba eneo la mbele yake, kwa wastani, ni kijivu kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Uso wa Mzungu huzidi hapo. Ngozi nyeusi sana inaweza kurudisha chini ya asilimia 10. Mweke mtu wa namna hiyo mbele ya ukuta wa chokaa, au mvalishe shati jeupe la shule, na kamera itashughulikia uweupe. Shati litatoka safi, uso utapotea. Walio na albamu za shule za miaka ya filamu wanazijua picha hizo: mistari ya mashati yenye meno.

Tatizo hilo lingeweza kupunguzwa mapema. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo zikaitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa kampuni hiyo aliyepigwa picha za mwanzo. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alifuatilia habari hii na kukuta kwamba msukumo mkubwa wa kuboresha rangi za kahawia katika filamu ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo. Nyuso za watu weusi hazikuwa zimetosha kuwa sababu. Nako Afrika Kusini ya ubaguzi, kamera ya Polaroid iitwayo ID-2, yenye kitufe cha kuongeza nguvu ya fleshi, ilitumika kupigia picha za pasi walizolazimishwa Waafrika kubeba. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha upinzani. Polaroid iliondoka Afrika Kusini mwaka 1977. Kwa hiyo uwezo wa kuimulika ngozi nyeusi ulikuwepo pale ilipotakiwa kuwadhibiti wenye ngozi hiyo.

Mafundi wa studio na wapiga picha wa mitaani huku kwetu hawakusubiri kadi mpya. Waliwahamishia watu chini ya mwembe, ambako tofauti kati ya shati na uso hubaki ileile lakini hakuna jua linalochoma upande mmoja na kuuacha mwingine. Walitandika kitambaa cheupe chini ili mwanga urudi juu usoni. Na walijua saa za kukataa kazi.

Maana jua letu ni gumu. Dar es Salaam iko nyuzi karibu 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hukaa wima juu ya utosi. Mlingoti haupigi kivuli. Usoni, mwanga hutua kwenye paji la uso, pua na mashavu, na macho hubaki kwenye mashimo meusi. Anayetazama kwa macho haoni kioja chochote, kwa sababu ubongo unajua uso ulivyo na unayajaza mashimo hayo. Picha ndiyo inayomtoa bibi harusi akiwa na sura ya fuvu. Jioni nayo haina subira: karibu na Ikweta jua hushuka karibu wima, na kutoka kuzama kwake hadi mwanga wa kufanyia kazi kuisha ni dakika kama 20 tu. Mpiga picha wa Ulaya wakati wa kiangazi hupata muda mrefu kuliko huo. Wa Bagamoyo lazima awe ameshawapanga watu.

Simu za sasa zinajaribu kuimaliza shida hii kwa nguvu za kompyuta. Unapobonyeza mara moja, simu huchukua picha kadhaa, nyingine zenye mwanga zaidi na nyingine pungufu, kisha huzishona: mbingu kutoka hii, sebule kutoka ile. Huo ndio mtindo uitwao HDR. Unapata picha ambayo ndani na nje kunaonekana sawasawa, kama macho yanavyoona. Ni ufundi mkubwa, nami sina ugomvi nao kwenye harusi. Lakini simu imefundishwa kuficha tofauti ileile ambayo jicho huificha, na mwenye hamu ya kujua mwanga unafanya nini nyumbani kwake hana budi kuizima.

Ipo pia tofauti ya wakati, na hapo jicho ni dhaifu kabisa. Mwaka 1998 Daniel Simons na Daniel Levin walichapisha jaribio ambalo mgeni alimuuliza mpita njia njia; katikati ya mazungumzo watu waliobeba mlango walipita kati yao, na mgeni akabadilishwa na mtu mwingine. Takriban nusu ya waliokuwa wakielekeza njia hawakugundua. Kama mtu mzima anaweza kubadilishwa mbele yako, usitarajie kuliona badiliko la miaka.

Barafu ya Kilimanjaro ni mfano mzuri. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler waliupima mlima kwa picha zilizopigwa kutoka vituo vilivyojulikana, na ramani iliyotokana nazo inaonyesha barafu ya takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 ilikuwa chini ya 2. Mtu wa Moshi aliyeutazama mlima kila asubuhi hakuwa na asubuhi hata moja iliyotofautiana vya kutosha na ile ya jana yake.

Nguvu ya picha za 1912 ni kwamba vituo vyake vilirekodiwa, kwa hiyo vipimo vyaweza kurudiwa. Anayetaka kufuatilia ufuo unaoliwa na bahari, au mtaa wake unavyojaa, afanye vivyo hivyo: asimame palepale, kwa lenzi ileile, HDR ikiwa imezimwa, mwanga umefungwa kwa kidole juu ya kioo, na saa ileile. Na mwezi uleule. Dar es Salaam, jua la adhuhuri mwezi Juni hukaa upande wa kaskazini, na Desemba huhamia kusini, hivyo vivuli vyote hugeuka. Ukilinganisha picha ya Juni na ya Desemba, ukuta uliokuwa kivulini utakuwa juani, na utaapa kwamba mwenye nyumba amepaka rangi.