Macho mazima, lakini mtoto haoni

Mtoto wa miaka tisa au kumi anarudi kutoka shuleni na kusema kwamba maandishi ya ubaoni yamegeuka ukungu. Wiki moja baadaye hawezi kusoma hata kitabu. Mtaalamu wa miwani mjini Barking, mashariki mwa London, anampima bila malipo, kama ilivyo haki ya kila mtoto wa chini ya miaka 16 nchini Uingereza, wala haoni kasoro. Daktari wa macho naye hapati kitu. Je, mtoto huyu anadanganya?

Mara nyingi, msikilizaji, la. Hali hii yafahamika vyema: macho na mishipa yake ya fahamu ni salama, lakini dhiki ya moyoni imemnyima mtoto uwezo wa kuona. Huwapata zaidi wasichana wanaokaribia kubaleghe. Afrika Mashariki imewahi kushuhudia jambo lenye udugu na hili: mwezi Januari mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, kulizuka kicheko kisichozuilika kilichowapata wanafunzi 95 kati ya 159, na hapakupatikana sumu wala kijidudu.

Daktari hawezi kutosheka na kusema "sijaona ugonjwa". Yampasa athibitishe kwamba mtoto anaona. Huzungusha mbele yake pipa dogo lenye mistari myeusi na myeupe, na macho yanayoona huifuata mistari hiyo bila hiari ya mwenyewe. Au humvalisha lenzi mbili zinazobatilishana nguvu, na mtoto akaanza kusoma herufi ndogo kabisa. Cha ajabu zaidi ni kipimo cha upana wa uoni. Anayeona kupitia tundu, kitu kikiwekwa mbali maradufu, eneo analoliona hupanuka maradufu. Mtoto huyu hubaki na duara lilelile, kama achunguliaye ndani ya bomba, jambo lisilopatana na kanuni za mwanga.

Hata hivyo haraka ina hatari zake. Ugonjwa wa Stargardt, unaorithiwa na kuharibu kitovu cha retina, huweza kuanza utotoni huku retina ikionekana nzima. Wapo watoto walioambiwa wanajifanya, kumbe wanapoteza macho. Ndiyo maana panapo shaka huagizwa vipimo vya umeme wa retina na picha ya ubongo.

Na tiba? Kwanza ni maneno. Mtoto huambiwa, mbele ya wazazi, kwamba macho yake ni mazima na kuona kutarejea; hakaripiwi, wala haambiwi muongo. Baadhi ya madaktari hutoa miwani isiyo na nguvu, lakini wengine huipinga kwa kuwa humthibitishia mtoto kuwa macho ni mabovu, na hoja yao ina uzito.

Kisha hutafutwa chanzo: uonevu shuleni, mitihani, wazazi kutengana, au dhuluma ambayo mtoto hathubutu kuitaja. Hapa familia zinazozungumza Kiswahili hukumbana na kikwazo, kwani mara nyingi mtoto ndiye mkalimani wa mama yake. Atafasiri vipi maswali yanayohusu ugomvi wa nyumbani? Mzazi anaweza kuomba mkalimani wa hospitali, naye hulipwa na huduma ya afya ya taifa, NHS.

Wengi hupona katika wiki au miezi michache. Wasiopona hupelekwa kwa wataalamu wa afya ya akili ya watoto, huku daktari wa macho akiendelea kuwapima.