Mkunga wa Runingani na Kiboko wa Naivasha

Baada ya Isha, familia nyingi huketi mbele ya runinga kutazama vipindi vya wanyama. Miongoni mwa vile viwatishavyo watoto ni vya mkunga wa umeme: maji meusi, muziki wa kutikisa moyo, na mtu ambaye nusura roho imtoke. Kisha watoto hao wakiambiwa likizo itakuwa kwa jamaa zao Nakuru au Naivasha, huuliza kama dubwana hilo limo katika maziwa ya huko.

Wasomaji wetu, tuwajibu kwa ukweli. Samaki huyo yupo, lakini makao yake ni mito ya Amerika ya Kusini; katika maziwa ya Bonde la Ufa hayumo. Wala si jamaa wa mkunga wetu wa baharini, kwani nasaba yake i karibu zaidi na kambare. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kuwa wamempima mmoja akatoa volti 860, zaidi ya mara tatu ya umeme wa majumbani mwetu. Hata hivyo, kila pigo lake hudumu chini ya kupepesa jicho. Vifo ni nadra, na hatari kubwa ni mtu kupigwa ganzi akazama. Runinga hututajia volti, muda wa pigo haiutaji.

Wa kuogopwa Naivasha ni yule ambaye filamu za katuni humfanya mnene mcheshi. Kiboko hula nyasi, na kwa hiyo wengi humdhania mpole. Lakini uzito wake hupita tani moja, na nchi kavu huweza kukimbia kama kilomita 30 kwa saa, mbio asizoziweza mama aliyebeba mtoto. Hashambulii kwa njaa. Hushambulia akimlinda mwanawe, akitetea eneo lake, au akizibiwa njia ya kurudi majini. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwezi wa Agosti 2018, mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya Ziwa Naivasha alipokuwa akipiga picha. Saa chache kabla yake, mvuvi wa huko naye aliuawa na kiboko. Na maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 yakaingia mtaa wa Kihoto, viboko waliyafuata hadi karibu na milango ya watu.

Basi familia iendayo huko izingatie haya. Tangu Magharibi hadi jua lichomoze, msitembee ufuoni, kwani ndio wakati wake wa malisho. Msisimame baina yake na maji. Akipanua kinywa, msidhani anapiga mwayo: anatoa onyo. Mkipanda mashua, vaeni majaketi ya kuokolea maisha, na nahodha awe mwenyeji anayejua viboko walipo.

Na wajane wa wavuvi wafahamu jambo hili: sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama wa mwituni. Tukio liripotiwe mapema kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, ili haki ya mayatima isipotee. Tahadhari kabla ya athari.