Konyeza Wanaozima Umeme, na Mvuke wa Olkaria

Agosti 2025, kituo cha nyuklia cha Gravelines, kaskazini mwa Ufaransa, kilisimama chote. Konyeza walikuwa wamejaa kwenye vichujio vya pampu zinazovuta maji ya bahari ya kupoza mitambo. Vinu vitatu vilijizima usiku, cha nne saa chache baadaye, na viwili vilivyosalia vilikuwa tayari kwenye matengenezo. Torness ya Uskoti ilipatwa na hayo 2011, na Oskarshamn ya Uswidi 2013.

Konyeza hana ubongo wala mifupa, lakini ana ustahimilivu wa ajabu. Huanza maisha akiwa amejishikiza mwambani au kwenye nguzo ya gati, kisha hujigawa vipande vinavyokuwa konyeza wanaoelea. Bahari ikipata joto, baadhi ya aina huzaana kwa kasi zaidi. Maji ya joto pia hushika oksijeni kidogo. Samaki hutaabika, konyeza wengi huvumilia. Nasi tukivua kupita kiasi, tunawaondoa wanaogombea nao chakula. Pwani ya Namibia, baada ya dagaa kuvuliwa hadi kuporomoka, watafiti walikadiria mwaka 2006 kwamba konyeza walifika tani milioni 12.2 na samaki tani milioni 3.6 tu. Wataalamu bado wanabishana kama konyeza wanaongezeka dunia nzima, maana idadi yao hupanda na kushuka katika mzunguko wa miaka kama ishirini. Kwa hiyo lawama zote tusizitupie hali ya hewa: nyavu zetu nazo zimo.

Haya yanaihusu Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, kwa sababu pale Kenya ina umeme wa jotoardhi usioitegemea bahari. Tangu 1981, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulipowashwa, mvuke hupandishwa kutoka visima virefu na kuzungusha mitambo. Ukishapoa na kuwa maji, maji hayo hayo hupelekwa kwenye minara ya kupozea. Ziwa hutoa maji ya kuchimbia visima, ila hakuna mdomo wa bomba unaongoja kuzibwa. Leo jotoardhi hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa nchi, bila kuchoma mafuta ambayo moshi wake ndio unaoipasha bahari joto. Olkaria nayo ina deni: familia za Wamaasai zilizohamishwa 2014 kupisha Olkaria IV zililalamika hadi kwa wafadhili wa mradi, na malalamiko yao yalistahili kusikilizwa mapema zaidi.

Hata hivyo, serikali ilipoutafutia mahali mpango wa nyuklia wa megawati 1,000, iliiendea bahari: Uyombo, Kilifi, jirani na Mida na Watamu, mahali pa mikoko, matumbawe na kasa. Wakazi waliandamana 2024. Kituo cha namna hiyo huvuta maji mengi ya bahari na kuyarudisha yakiwa na joto zaidi, kwenye pwani ambayo matumbawe yake yaliwahi kufa kwa wingi mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi. Wavuvi wa pale walikuwa na haki ya kuuliza.

Mwaka 2025 macho ya wapangaji wa mradi huo yaligeukia Siaya, ufukoni mwa Ziwa Victoria. Ziwa hilo lina konyeza wake wadogo wa maji baridi. Lina pia gugumaji, ambalo kwenye bwawa la Owen Falls, Jinja, lilikwisha kuzisumbua njia za maji za mitambo ya umeme. Anayepanga kuweka pampu pale aanze kwa kuhesabu kinachoelea.